Ukuta Mmoja Uliopakwa Rangi

Kazi yangu ni uashi, lakini miaka hii ya karibuni watu huniita zaidi kukagua nyumba kuliko kujenga. Mtu akitaka kununua, hunitafuta kabla hajatia sahihi. Naenda na timazi, pimamaji, tochi na bisibisi ya kuchokolea mbao, nazunguka saa mbili au tatu, kisha namwambia nilichokiona. Jina nililopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani mimi ni Timazi, kwa sababu sikubali kwamba ukuta umenyooka mpaka niteremshe uzi wenyewe.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, hushona sare za shule. Mume wake anaendesha lori, na sote tunamwita Dereva, hata mama mkwe wake. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema msije mkamhukumu kabla sijamaliza. Alikulia katika vyumba vya kupanga, na siku moja, akiwa na miaka tisa, alirudi kutoka shule akakuta godoro lao liko nje linanyeshewa na mlangoni kuna kufuli jipya. Aliapa watoto wake hawatayaona hayo. Kwa hiyo nyumba ilipopatikana, moyo wake ulikuwa umeshahamia kabla hata hajaonyeshwa chumba cha pili.

"Kaka, njoo utuangalizie," mdogo wangu alinipigia. "Ila ufanye haraka. Dalali anasema kuna wateja wengine wawili wanaitaka."

"Dalali hakosi wateja wawili," nikamwambia. "Hata akiuza choo."

Akacheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Tulikwenda Jumamosi mchana, jua kali, kiangazi kimekomaa. Mama naye akaja. Wakati huo alikuwa akiishi kwangu, amelala sebuleni kwa miaka minne, na mguu wake wa kushoto ulikuwa hauna raha. Aliteremka kwenye gari polepole akasimama akaitazama ile nyumba kama mtu anayetazama mgeni aliyemsubiri muda mrefu. Ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, jiko, na baraza ya mbele iliyotandikwa vigae vyekundu. Kwa mbele ilipendeza, sikatai.

Mimi siangalii mbele. Nilizunguka nyuma.

Nyuma kulikuwa na vigae vilivyobaki, vimepangwa kwa unadhifu kuegemea ukuta, safu hadi kiunoni. Nikaanza kuvihamisha kimoja kimoja.

"Fundi, unanunua nyumba au unaoa?" dalali akaniuliza huku akijipepea kwa bahasha.

"Mke tukikosana kuna wazee wa kutupatanisha," nikamjibu. "Nyumba ikikugeuka, haina mshenga."

Wote wakaangua kicheko, Dereva akiwa wa kwanza. Lakini vigae vilipoisha, ufa ulikuwa pale. Ulianzia chini karibu na msingi ukapanda kwa vidato, kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali hadi chini ya dirisha. Nikaingiza ncha ya bisibisi, ikazama yote. Nikamwita mdogo wangu pembeni.

"Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu usikutishe," nikamwambia. "Hata nyumba mpya huwa nao. Huu unaopanda ngazi ni habari nyingine. Maana yake chini panatitia, na upande mmoja unatitia kuliko mwingine."

"Hauwezi kuzibwa?"

"Unaweza kuzibwa leo. Kesho utafunguka, maana kinachouleta kiko chini."

Tukaingia ndani. Chumba cha nyuma, kile kilichoegemea ufa, kilikuwa na dirisha la mashariki. Mama alikuwa ameshafika, amesimama katikati, mkono umeshika fimbo.

"Hiki ndicho changu," akasema. "Jua la asubuhi litaniamkia hapa."

Mimi nilikuwa natazama ukuta. Kuta tatu za chumba kile zilikuwa na rangi ya zamani iliyofifia, zina alama za misumari na michoro ya watoto. Ukuta wa nne, wa nyuma, ulikuwa umepakwa rangi mpya, bado inanukia. Mtu anayepamba chumba hupaka kuta zote. Anayepaka mmoja ana jambo. Nikaweka kiganja karibu na sakafu, kikarudi na ubaridi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, na lipu ikaitika kwa sauti ya debe tupu. Kulikuwa na kabati kwenye kona. Nikalivuta kidogo, na nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umetambaa hadi magotini. Kiangazi kile, wakati hata mbwa wanatafuta maji, ukuta ulikuwa na unyevu.

Mlango wa chumba ulifungika vizuri. Vizuri mno. Nikapitisha kidole juu yake, nikagusa mbao mbichi. Ulikuwa umerandwa hivi karibuni, tena kwa mshazari, upande mmoja umeliwa upana wa kidole gumba. Fremu ilikuwa imekwenda upande, na badala ya kuuliza kwa nini, walikuwa wameupunguza mlango uifuate. Nikaomba kikombe cha maji nikayamwaga katikati ya sakafu. Maji hayakusita. Yalikimbilia ukuta wa nyuma kama yanayoijua njia.

Nilipotoka, mwanamke wa nyumba ya jirani alikuwa anaanika nguo. Nikamsalimia, nikamuuliza kama maji hutuama pale wakati wa mvua.

"Mimi sitaki kuharibu biashara ya mtu," akasema, akitazama kamba yake. "Lakini hapo palikuwa shimo. Walichimba udongo wa matofali miaka na miaka. Baadaye likajazwa taka, likasawazishwa, watu wakajenga. Mwulizeni dalali kwa nini wapangaji wa mwisho walihama mvua ikiwa bado inanyesha."

Tukakaa barazani. Dalali nikamwomba atupishe, akaenda kuongea na simu yake. Nikawaeleza Dereva na mdogo wangu yote: ufa, rangi, unyevu, mlango, sakafu, shimo.

"Msiinunue," nikasema. "Na kama mnaipenda kweli, rudini mvua ikinyesha muione. Anayewaharakisha wakati wa jua anaogopa mawingu."

Dereva alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu.

"Hii ni nyumba ya sita unayoikataa, shemeji. Ya kwanza mchwa. Ya pili paa. Sijui ipi nyaya za umeme. Hata mtoto akizaliwa, wewe utamtafutia ufa."

"Nakwambia ninachokiona."

"Miaka thelathini unajenga na kukagua za watu. Yako iko wapi?"

Mdogo wangu akasema, "Baba watoto, basi," lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga vyumba viwili. Mganga hajigangi, watu husema kwa utani. Siku ile sikusikia utani. Nilisikia damu ikinipanda masikioni. Nikakusanya vifaa vyangu.

"Nunueni," nikasema. "Lakini mimi hapa sikanyagi tena. Siku mtakaponihitaji, mwenye nyumba aje aniite mwenyewe kwa mdomo wake."

Nilitegemea mdogo wangu atanifuata. Nilitembea polepole hadi barabarani ili anifikie. Hakuja.

Walinunua. Walihamia mwezi uliofuata, na Mama akataka kuwafuata. Nilimkataza kadiri nilivyoweza.

"Mama, chumba kile si kizuri."

"Mwanangu, hapa kwako nalala sebuleni. Kila mjukuu anayekwenda kunywa maji usiku hunikanyaga mguu, na daima ni ule ule mbovu."

"Nitakutafutia pengine."

"Utatafuta lini? Mimi nina miaka mingapi ya kusubiri?" Kisha akanishika shavu kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Nyie wawili mmetoka tumbo hili hili. Mnanunianaje kwa sababu ya matofali?"

Nilimbebea mfuko wake hadi kwenye teksi, nikamfungia mlango. Sikupanda. Ningeweza kupanda, kulikuwa na nafasi mbili.

Miezi ikapita. Mdogo wangu alinitumia picha za mapazia. Nilizitazama sana, nikivuta kila moja ikue, nikitafuta kona za madirisha. Sikumjibu hata neno. Wapwa wangu walikuja kunisalimia, na nilipowauliza habari za nyumba walisema bibi ana chumba chenye jua.

Mvua zilikuja mapema mwaka ule, tena kwa fujo. Siku moja, Jumanne, nikiwa juu ya jukwaa napiga lipu ukuta wa duka, Mama akanipigia.

"Mlango wa chumba changu unakwama," akasema. "Jana nilifungiwa ndani mpaka mtoto akausukuma kwa bega. Njoo uutazame."

Nilijua. Nataka kulisema hili bila kulizungusha. Mlango uliorandwa kiangazi, ukikwama tena wakati wa mvua, maana yake fremu imesogea mara ya pili. Na fremu haitembei peke yake, hufuata ukuta. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angelijua. Nilikuwa na mwiko mkononi na chokaa inaanza kukauka, na ndani yangu kuna sauti iliyosema: sasa ndiyo wataniamini.

"Mwambie mwenye nyumba," nikasema.

"Mwenye nyumba yuko safarini. Wewe ni fundi. Tena ni mwanangu."

"Akirudi aniite. Nilisema aniite kwa mdomo wake."

Nilisikia mvua ya upande wake ndani ya simu.

"Haya," Mama akasema. "Usikae sana juu ya hilo jukwaa, mbao zikilowa zinateleza."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alinionya mimi nisianguke.

Siku tisa baadaye, Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ikiwa ya siku ya tatu mfululizo, ukuta wa nyuma ulilala ndani ya chumba na kuvuta nusu ya paa. Watoto walikuwa shule. Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani yake sokoni. Dereva alikuwa njiani na mzigo. Jirani yule yule ndiye aliyesikia kishindo, akanipigia mimi, kwa kuwa siku ile ya ukaguzi nilimwachia namba yangu aliponiambia anatafuta fundi wa kisima. Nilikimbia. Nilikuwa nimesema sitakanyaga pale, nikakanyaga bila viatu, kimoja kilibaki kwenye tope njiani na kingine sijui.

Watu walikuwa wanatoa matofali kwa mikono, bila utaratibu. Nikapaza sauti, nikawapanga, huyu ashike mbao, yule asisogee upande huu. Sauti yangu ilikuwa ya kazini kabisa. Nilijua tofali lipi limebeba lipi. Tulimfikia baada ya dakika arobaini. Hakuwa kitandani, wala chini ya ukuta wa nyuma. Alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeinuliwa kuelekea kitasa, na fimbo yake imepenyezwa kwenye upenyo wa mlango kama mtu anayejaribu kuubandua. Alisikia nyumba ikilia kabla haijaanguka. Alipata muda wa kuamka, kuvaa kandambili zake zote mbili, na kutembea na mguu ule mbovu hadi mlangoni. Alifika. Mlango ndio uliokataa.

Nilimbeba mimi. Alikuwa mwepesi.

Msibani watu walinipa heshima. Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Wazee walinishika mkono wakatikisa vichwa: "Fundi alisema. Laiti wangelimsikia." Mmoja akanitolea ile methali ya ufa na ukuta, kana kwamba mimi sijawahi kuisikia. Nilikaa kwenye mkeka nikawa napokea sifa, na kila sifa iliyonijia ilimpiga kwanza Dereva kama jiwe. Alifika usiku wa kuamkia mazishi, bado amevaa sare yake ya safari, mikono ina grisi. Hakula siku mbili. Siku ya pili alinijia mbele ya watu, akasimama.

"Shemeji, nipige."

"Kaa chini."

"Nipige, nakuomba. Hakuna anayenipiga."

Nikamvuta akakaa karibu nami. Watu wakasema tazama ukarimu wa fundi, amemsamehe.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, nilimfuata mdogo wangu jikoni kwa jirani, ambako alikuwa akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Nikafunga mlango.

"Mama alinipigia," nikasema. "Kuhusu mlango. Alinitaka nije. Nikamwambia mpaka mumeo aniite."

Mkono wake ukasimama.

"Lini?"

"Jumanne ya wiki ile nyingine."

Aliitazama sufuria muda mrefu. Nilisubiri anirushie. Nilitamani anirushie.

"Mimi aliniambia Jumatatu," akasema. "Nilikuwa na sare arobaini za kumaliza. Nikamwambia avute subira, Dereva akirudi ataparanda kidogo. Nikamwambia, Mama, usimpigie kaka, atatucheka."

Akakaa chini sakafuni, miguu imenyooshwa, kama mtoto. Nikakaa karibu naye. Tulilia bila kushikana.

"Kwa hiyo alikupigia hata hivyo," akasema baadaye. "Hakunisikia."

"Mama alimsikia nani lini?"

Ilikuwa nusu ya kicheko, ikageuka njiani.

Aliniomba nisimwambie Dereva, kwa kuwa, alisema, mtu huyo sasa amebeba kilichomtosha na maneno mengine yatamvunja. Nilikaa na ombi hilo kwa wiki mbili. Kila siku nilisikia watu wakimtaja Dereva kama aliyemuua mama mkwe wake kwa kiburi, na kila siku nilinyamaza. Nikaona kwamba kunyamaza kwangu ni kuendelea kumtupia. Nikaenda. Nilimkuta kwenye kiwanja, peke yake, anachambua matofali mazima na yaliyovunjika. Nikamweleza habari ya simu yangu. Ya mkewe sikuisema, hiyo si yangu kuisema, lakini nadhani alikuwa ameshaambiwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka tofali juu ya lenzake.

"Nilidhani mzigo ukipata wabebaji unapungua," akasema. "Ndivyo ilivyo kwenye lori. Huu haupungui, shemeji. Kila mmoja wetu ana wote."

Niliinama nikaanza kuchambua naye, mpaka jioni.

Watu bado husema mtaani kwamba Timazi aliona. Ninapoweza, huwakatiza na kuwaeleza kuhusu ile simu. Wengine hawapendi kuisikia, inawaharibia hadithi. Kazi yangu haijabadilika sana, isipokuwa kwamba sasa mtu akinunua nyumba niliyomkataza, narudi. Siitwi, narudi tu, mvua ya kwanza ikinyesha, nabisha hodi. Kuna walionifungia mlango. Kuna mama mmoja ambaye akiniona kupitia dirisha husema, "Huyo kaja tena kutuombea nyumba ianguke," kisha hunipa kiti.

Dereva na mdogo wangu walipata vyumba vya kupanga upande wa pili wa mji. Waliniomba nivitazame kabla hawajahama. Nilikwenda asubuhi, baada ya usiku wa mvua, kwa makusudi. Nilizunguka nje mara mbili. Nilichuchumaa kwenye kila kona, nikapanda darini kwa tochi, nikamimina maji, nikagonga kuta zote kuanzia chini hadi mkono wangu ulipofika. Dereva alikuwa barabarani na kitanda mgongoni, anasubiri neno langu. Watoto walikuwa wamekalia mabegi yao.

Mdogo wangu alisimama nje ya kizingiti, hajaingia.

"Pazuri?" akaniuliza.

"Pazuri."

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kwa miaka yote hiyo ya kazi, nimeshasema ndiyo kwa watu wengi, kwa sauti ya mtu anayejua. Nikamtazama, nikawatazama watoto, nikamwomba Dereva aweke kitanda chini kwanza. Kisha nikachukua tochi nikarudi ndani kuangalia tena.